Kumtafuta Bibi kwenye Vitabu vya Misheni: Namna ya Kufuatilia Ukoo Nyanda za Juu Kusini

Historia ya marehemu bibi yangu mzaa baba niliiandika mimi, usiku wa kuamkia maziko, kwenye karatasi niliyoichana katika daftari la michango ya msiba. "Alizaliwa mwaka 1912 hivi, huku Ubena, akiwa binti wa Mgaya. Aliolewa, akajaliwa watoto saba." Nikaisoma mbele ya jeneza, watu wakaguna kwa huzuni, tukazika. Jioni, tukiota moto, shangazi yangu mkubwa akaniuliza taratibu: "Baba, hiyo kumi na mbili uliitoa wapi?" Sikuwa na jibu. Niliitoa kichwani, kwa sababu fomu zote za maisha yangu zinataka mwaka.

Tangu hapo nimezunguka ofisi za parokia na sharika, mahakama na masijala za wilaya kati ya Iringa, Njombe, Tukuyu na Mbeya. Nilianza kwa ajili ya bibi, kisha kwa ajili ya watu waliosikia kwamba yule mwalimu mstaafu anajua kusoma vile vitabu vya zamani. Njia ninayoifuata ndiyo hii. Jambo moja ulishike tangu sasa: majina ya wazee wetu yaliandikwa na wageni, kama yalivyosikika masikioni mwa wageni. Anayetafuta kwa macho tu atampita babu yake mara tatu bila kumwona.

Hatua ya 1: Kaa na wazee kabla hujagusa karatasi

Mzee akifa, kitabu cha kanisa kitabaki kabatini, lakini yeye hutamrudisha. Kwa hiyo anza naye.

Usimuulize "ulizaliwa lini". Atakutajia mwaka alioandikiwa kwenye kadi ya kupigia kura, na huo mwaka ulibuniwa na karani. Muulize kilichokuwa kikitokea. Huku kwetu tuna kalenda nzuri kuliko ile ya ukutani. Lugalo, ambako Wahehe waliwapiga Wajerumani, ni Agosti 1891. Kuanguka kwa Kalenga ni Oktoba 1894, na kifo cha Mkwawa ni Julai 1898. Maji Maji ni 1905 hadi 1907, na kwa Wabena moto wake ulifika mpaka misheni ya Yakobi. Kisha vita vya Mjerumani na Mwingereza, 1914 hadi 1918, wanaume walipokamatwa kubeba mizigo, na mara baada yake ile homa kubwa iliyofagia vijiji. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa 1954. Krismasi ya 1971 aliuawa Dk. Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, na sijaona mzee wa Isimani asiyekumbuka alikuwa wapi siku hiyo. Mwaka 1974 ni Operesheni Vijiji na njaa, na kwa wengi ni mwaka wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Wachina wa reli ni miaka ile ile.

Ukishapata tukio, muulize mtu alikuwa wa kimo gani. Alikuwa akibebwa mgongoni? Akichunga mbuzi? Alikuwa ameshavunja ungo? Anayechunga mbuzi ni wa miaka saba hadi kumi. Anayechunga ng'ombe amezidi hapo. Kwa akina mama, swali linalozaa kuliko yote ni "ulikuwa na mtoto gani mgongoni wakati huo?" Mama hakosei hapo. Shangazi aliponiambia kwamba bibi alikuwa akisimulia alivyobebwa mgongoni, mama yake akikimbilia msituni wakati wapagazi wanakamatwa, tayari mwaka wangu wa 1912 ulianza kupepesuka. Mtoto wa 1912 angekuwa anakimbia kwa miguu yake.

Rekodi kwa simu, ila omba ruhusa kwanza. Na uliza majina yote: la utotoni, la ubatizo, la utani, na lile aliloitwa na wakwe. Katika ukoo mmoja niliofuatilia, babu alikuwa na majina manne, na kila ofisi ilikuwa na lake.

Kuna mambo wazee watayaruka: mtoto aliyezaliwa nje, mke aliyerudishwa kwao, babu aliyeletwa kama mateka. Ukiona mzee anageuza mazungumzo, mwache ageuze. Rudi siku nyingine, uende peke yako.

Hatua ya 2: Omba kufunguliwa sanduku la bati

Kila nyumba ya zamani ina sanduku la bati chini ya kitanda au begi lililotundikwa. Humo kuna tiketi za kodi ya kichwa, kadi ya TANU, cheti cha ubatizo kilichokunjwa mara nane, karatasi ya kuachishwa jeshi la keya (KAR, jeshi la Mwingereza), na Biblia au kitabu cha nyimbo chenye majina ya watoto yaliyoandikwa kwa penseli kwenye jalada la ndani. Hayo ya penseli ni dhahabu, kwa maana yaliandikwa mtoto akiwa bado mchanga, si miaka hamsini baadaye.

Tiketi ya kodi usiidharau. Ina mwaka, jina na jina la jumbe au chifu, kwa hiyo inakuambia mtu alihesabiwa wapi mwaka huo. Ukikuta tiketi tatu za Njombe, kisha miaka minne hakuna kitu, kisha Njombe tena, jua alikwenda mahali. Wabena na Wahehe wengi walikwenda mkonge, Tanga na Morogoro, wakiitwa manamba. Wanyakyusa walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, wengine wakavuka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), au Afrika Kusini kwa mkataba wa Wenela, shirika lililoajiri watu wa migodini. Wengi walibatizwa huko huko. Ukimkosa babu katika vitabu vya kwao, huenda jina lake limelala kwenye kitabu cha parokia iliyokuwa jirani na shamba la mkonge.

Piga picha mbele na nyuma ya kila karatasi. Picha za zamani nazo zigeuze: nyuma kuna mhuri wa studio, na mara nyingine tarehe.

Hatua ya 3: Jua nani alikuwa na misheni wapi

Mtu hodari hupotea hapa, kwa sababu anatafuta kwa mipaka ya leo. Mkoa wa Njombe ni wa 2012 na Songwe ni wa 2016. Kabla ya hapo Njombe ilikuwa ndani ya Iringa, na Mbozi ndani ya Mbeya. Mji wa Mbeya wenyewe umeanza 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, kwa hiyo ukiambiwa babu "alizaliwa Mbeya mwaka 1905", aliyeandika alimaanisha eneo. Enzi za Wajerumani boma lilikuwa Tukuyu, nao waliliita Neu-Langenburg. Ukiona jina hilo kwenye hati, usiende kulitafuta Ulaya.

Makanisa yaligawana nchi. Wamoravian walifika Rungwe 1891 wakaenea magharibi hadi Mbozi. Mwaka huo huo Misheni ya Berlin iliingia upande mwingine wa Unyakyusa, ikawa na vituo kama Manow na Mwakaleli, kisha Ukinga kama Bulongwa na Tandala, Ubena kama Kidugala, Ilembula na Lupembe, na Uhehe kama Pommern. Sharika hizo leo ni za KKKT, yaani Walutheri. Kwa Wakatoliki, Wabenediktini walianzisha Tosamaganga 1897, na baada ya Vita vya Kwanza Wakonsolata kutoka Italia wakaichukua Iringa. Upande wa Mbeya walikuwa Mapadre Weupe. Galula, iliyokuwa Chunya na sasa iko wilaya ya Songwe, ni ya zamani sana. Upangwa wana pia Waanglikana wa Milo, ambao kwa muda mrefu mambo yao yaliendeshwa kutoka kisiwa cha Likoma, ng'ambo ya Ziwa Nyasa.

Sababu ya kujua yote haya ni kwamba kituo kimoja kilikuwa na eneo kubwa ajabu. Kijiji chenu leo kina kanisa lake, lakini mwaka 1925 mtoto wa pale alibebwa kutwa nzima kwenda kubatizwa kwenye kituo mama. Uliza: "Parokia hii ilizaliwa na parokia gani?" Kisha uliza na ile ilizaliwa na ipi. Vitabu vya kwanza viko kwa mama, au kwa bibi.

Kuna na shimo moja utakalolikuta. Vita vya Kwanza vilipofika, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na sehemu kubwa ya kazi yao ikaangaliwa na Waskoti wa Livingstonia, Nyasaland (Malawi ya leo), mpaka Wajerumani waliporudi miaka ya 1920. Katikati hapo walioshikilia ni wazee wa kanisa na walimu wenyeji, na madaftari yao hayakutunzwa kama vitabu vya wazungu. Kama babu alibatizwa kati ya 1916 na 1925, jipe moyo wa subira.

Hatua ya 4: Fungua kitabu cha ubatizo

Huu ndio moyo wa kazi yote. Nenda siku ya kazi, asubuhi, si Jumapili paroko akiwa na misa tatu. Beba kitambulisho na barua: kwa Wakatoliki barua ya jumuiya yako ndogo ndogo husaidia, kwa wengine barua ya mchungaji wa usharika wako. Eleza unamtafuta nani na mnahusianaje. Hakuna anayelazimika kukufungulia kabati, ni ukarimu. Toa sadaka yako mwishoni kwa njia ya wazi, uandikiwe. Na mtafute katekista au mwinjilisti mstaafu wa pale, maana mara nyingi paroko ni mgeni kama wewe, ila katekista anajua kitabu cha 1934 kilihamishiwa wapi paa lilipovuja.

Kitabu cha Wakatoliki kimeandikwa Kilatini hadi miaka ya 1960. Usiogope, maneno ni yale yale kila mstari. Natus au nata ni amezaliwa. Filius ni mwana, filia ni binti. Patrinus na matrina ni wasimamizi wa ubatizo. Paganus ni mzazi ambaye hajabatizwa. In periculo mortis maana yake alibatizwa akiwa katika hatari ya kufa, na hapo uangalie kitabu cha wafu cha mwezi huo huo. Kuna mtego wa miezi ambao umewazeesha watu wengi isivyo halali: 7bris si Julai, ni Septemba, kwa sababu septem ni saba kwa Kilatini. 8bris ni Oktoba, 9bris Novemba, 10bris Desemba.

Ukishaona mstari wa mtu wako, usikimbilie kupiga picha ukaondoka. Tazama pambizo. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka ndoa, kipaimara na upadri viandikwe pembeni ya ubatizo, hata kama vilifanyika parokia ya mbali. Kwa hiyo mtu aliyebatizwa Tosamaganga akaoa Muheza anaweza kuwa na ndoa yake imeandikwa kwa kalamu nyembamba pembeni ya jina lake Tosamaganga: tarehe, mahali, jina la mke. Hakuna karatasi nyingine nchini itakayokupa hayo kwa mstari mmoja. Namba ya ubatizo, ile inayoandikwa LB kwenye vyeti, ndiyo ufunguo: ukiipata kwenye cheti cha sandukuni, utaupata mstari kwa dakika tano.

Uliza pia kama wana Status Animarum, kitabu cha familia nyumba kwa nyumba. Hapo utawakuta baba, wake, watoto, na mara nyingine wale waliokataa kubatizwa.

Kwa Wamoravian na Walutheri, vitabu vya zamani ni vya Kijerumani, baadaye Kiswahili au lugha ya pale. Geboren ni amezaliwa, getauft amebatizwa, gestorben amekufa, Heide ni asiyebatizwa. Mwandiko wa Kijerumani cha zamani unaonekana kama mstari wa mchwa, ila Mungu si Athumani: majina ya watu na mahali mara nyingi waliyaandika kwa herufi za kawaida. Ruka mchwa, fuata majina.

Wamoravian wana utamaduni mwingine wa tangu karne ya 18: Mkristo anaandika au kuandikiwa historia ya maisha yake ili isomwe siku ya maziko. Ukiwa na babu aliyekuwa mzee wa kanisa au mwalimu Rungwe, uliza mahususi kama historia yake ilihifadhiwa.

Na kama ukoo ni wa Kiislamu, kama zilivyo familia nyingi za Usangu na za miji ya Iringa na Mbeya? Hakuna kitabu cha ubatizo, hivyo uzito unahamia kwenye vitabu vya ndoa vya misikiti na mashehe, vyeti vya BAKWATA kwa miaka ya baada ya 1968, na mafaili ya mirathi nitakayoyataja chini. Nasaba za kusimuliwa huko mara nyingi ni ndefu kuliko zetu. Zinukuu kwa utaratibu wa fulani bin fulani bila kukatiza.

Hatua ya 5: Soma kwa sauti

Nilipokuwa namtafuta bibi katika usharika mmoja wa Ubena, nilipitia kitabu cha miaka ya 1920 mara tatu nikitafuta "Mgaya". Hakuna. Siku ya nne nilikwenda na shangazi, nikaanza kumsomea majina kwa sauti, nikiyasoma kijinga kama yalivyoandikwa. Nilipofika "Mugaja" akanishika mkono. Mjerumani huandika J akimaanisha Y. Mugaja ni Mugaya, na Mugaya ni Mgaya kwa matamshi ya kwetu. Nilikuwa nimempita bibi mara tatu.

Kwa hiyo kabla hujaanza, andika jina la ukoo kwa namna zote ambazo mgeni angelisikia. Kwa Mjerumani, J inaweza kuwa Y, W hubadilishana na V na U, S moja hugeuka SS, na "ch" yetu inakuwa "tsch". Ujiji waliiandika Udschidschi; sasa fikiria walivyolifanya jina la kijiji chenu. Mwitaliano naye ana sikio lake: "ch" yake ni K, na "ci" yake ni "chi" yetu. L na R zinapokezana kwa wote. Herufi H mwanzoni inaweza kupotea kabisa.

Kwa Wanyakyusa, tafuta jina likiwa na Mwa- na likiwa limekatwa. Mwakalinga wa leo anaweza kuwa mwana wa Kalinga kitabuni. Majina ya ubatizo nayo yanasema: Ambakisye, Atupele, Gwamaka, Lusajo ni majina ya imani yaliyotungwa ndani ya Kinyakyusa chenyewe, kwa hiyo mtu akiwa nalo, yeye au wazazi wake walikuwa wameshaguswa na kanisa. Ukinga tatizo ni tofauti. Kumtafuta Sanga Ukinga kwa jina la ukoo peke yake ni kutafuta punje ya ulezi ndani ya gunia la ulezi. Huko shika jina la mama na la kijiji.

Nilikosea jambo moja katika hatua hii nami nakuomba usilirudie. Nilipiga picha kurasa sitini bila kupiga jalada la kitabu. Nyumbani nikawa na kurasa sitini zisizo na mwenyewe: kitabu gani, mwaka gani, sijui. Ilinigharimu nauli ya pili. Piga jalada kwanza, kisha ukurasa mzima, kisha mstari. Daftarini andika kituo, jina la kitabu, ukurasa, namba na tarehe uliyosoma. Mikono iwe mikavu, flashi izimwe, na kitabu kilichoanza kuachia uzi usikibane ili kilale sawa.

Hatua ya 6: Karatasi za serikali, na matarajio ya kiasi

Sheria ya kusajili vizazi na vifo ni ya 1920, lakini mwanzoni haikuwalazimisha Waafrika; ilienea kidogo kidogo, wilaya baada ya wilaya. Kwa hiyo usitumie wiki nzima kutafuta cheti cha kuzaliwa cha babu wa 1920 pale RITA, wakala wa serikali wa usajili. Familia za Kihindi na Kizungu za Iringa na Mbeya ndizo zenye bahati ya kupatikana humo mapema. RITA na ofisi ya mkuu wa wilaya zitakufaa kwa vizazi na vifo vya karibuni, na kwa ndoa, hasa zile zilizofuata Sheria ya Ndoa ya 1971. Faida nyingine inakwenda kinyume: ukimpata mzee kwenye kitabu cha ubatizo, cheti cha kanisa ni kielelezo kizuri akitaka kusajiliwa kwa kuchelewa.

Hazina ya serikali ambayo watu hawaifikirii iko Mahakama ya Mwanzo, kwenye mafaili ya mirathi. Msimamizi wa mirathi hapatikani bila muhtasari wa kikao cha ukoo, na muhtasari huo unataja waliohudhuria, uhusiano wao na marehemu, wake, watoto wote (pamoja na wale waliofichwa kwenye historia ya msibani), mashamba na mipaka yake. Andika barua kwa hakimu mfawidhi, taja jina la marehemu, mwaka wa shauri na wewe ni nani kwake. Nimewahi kupata vizazi vitatu kwenye kurasa mbili za muhtasari ulioandikwa na katibu mwenye hasira.

Shule nazo zina vitabu vya uandikishaji vyenye jina la baba, kijiji na dini. Shule kongwe kama Malangali, iliyoanza 1928, ilichukua vijana wa nyanda zote hizi.

Hatua ya 7: Safari ya Dar es Salaam, kama kweli unaihitaji

Usipande basi mpaka uwe na jina, mahali na mwaka. Nyaraka za Taifa, Upanga, si mahali pa kwenda "kuona kuna nini". Uliza kwanza masharti ya kusoma, beba barua ya utambulisho. Kwa sheria ya 2002, kumbukumbu za umma hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Mafaili ya Wajerumani yana herufi G mwanzoni mwa namba zake. Ya Waingereza yamepangwa kwa idara, majimbo na wilaya.

Omba Kitabu cha Wilaya. Maofisa wa Kiingereza waliandika humo historia za makabila, orodha za machifu na nasaba zao, mila za ndoa na urithi. Kama ukoo wako una uhusiano na utawala wa jadi, utaukuta. Ila soma ukijua kilichokuwa kikitafutwa. Baada ya sheria ya 1926 ya utawala wa wenyeji, nasaba ilikuwa tiketi ya kiti: aliyemsimulia ofisa alikuwa mara nyingi mwenye madai yake, na ndugu wa mlango mwingine hakuitwa siku hiyo. Nasaba iliyonyooka mno ndiyo ya kutilia shaka.

Magazeti ya zamani yamo huko na katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana. Enzi za Wajerumani kulikuwa na Kiongozi lililotoka Tanga, na ya kimisheni kama Pwani na Bara na Rafiki Yangu. Kwa babu zetu lililo na manufaa zaidi ni Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza Januari 1923. Walimu, makarani na wengine waliojua kusoma waliliandikia barua, habari za kwao na mashairi, na chini ya shairi mtu alitia jina lake na mahali alipo. Kama babu alikuwa mwalimu au karani, pitia miaka aliyokuwa kazini. Kama alikuwa mkulima wa kijijini, usipoteze macho yako. Kwa miaka ya baada ya uhuru kuna Uhuru na mengineyo yenye tanzia na matangazo ya mirathi, na Gazeti la Serikali lenye teuzi, mirathi na watu waliobadili majina kisheria. Matangazo ya vifo ya Radio Tanzania, ambayo nchi nzima ilinyamaza kuyasikiliza, yalipita na upepo.

Barua pepe kwenda nje haina nauli. Wamoravian wana hifadhi yao kuu Herrnhut, Ujerumani. Picha nyingi za kimisheni za Unyakyusa zimewekwa kwenye mtandao na Chuo Kikuu cha Southern California, nawe unaweza kuziona bure kwa simu. Karatasi za Waskoti wa Livingstonia ziko Edinburgh. Andika kwa ufupi: kituo, miaka, jina kwa tahajia zake zote. Wakijibu wana orodha ya wabatizwa wa mwaka fulani, omba picha ya ukurasa, si tafsiri yao.

Hatua ya 8: Makaburi na mahame

Operesheni Vijiji ilihamisha watu, haikuhamisha makaburi. Kwa hiyo makaburi ya babu zako huenda hayako kijijini kwenu bali kwenye mahame, mahali mlipotoka 1974. Nenda na mzee aliyezaliwa pale, kiangazi, nyasi zikiwa zimeungua. Atakuonyesha mti, mawe, jiwe la kusagia lililovunjika. Mengi hayana maandishi, lakini mpangilio unaongea: nani kalala karibu na nani, mke yupi yuko upande gani. Chora ramani ya mkono na uchukue alama ya mahali kwa simu.

Usishangae Ifunda au Kidugala ukikutana na makaburi ya Wapolandi; ni wakimbizi waliohifadhiwa huku wakati wa Vita vya Pili.

Hatua ya 9: Rudi ukawasomee

Usichore mti wa ukoo ukautundika sebuleni kabla wazee hawajausikia. Andika kila jina na pembeni yake ulikolipata: kitabu, kaburi au mdomo wa nani. Vinapogongana, viache vyote viwili vikae. Majina ya walio hai na siri zao yaache kwenye daftari lako. Yasiingie kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Mstari wa bibi ulisema amebatizwa 1928, umri miaka 13 hivi, binti wa Mugaja, na jina la mama likafuata. Nikapiga hesabu: 1915, anabebwa mgongoni wapagazi wanakamatwa. Nilimsomea shangazi jikoni kwake, akiwa anachambua maharage. Alitikisa kichwa kwa Mugaja, akatabasamu kwa 1915. Nilipofika kwenye jina la mama, akasimamisha mikono.

"Huyo siye mama yake," akasema. "Huyo ni mama yake mdogo. Ndiye aliyempeleka kubatizwa. Mama yake alikufa ile homa."

Jumatatu nilirudi usharikani kuomba kitabu cha wafu cha 1918.